Kasi ya Chaki

Picha ilisambaa Februari 2018. Mwalimu kasimama ubaoni, chaki mkononi, na mbele yake limechorwa dirisha zima la Microsoft Word: utepe wa vitufe juu, ukurasa mtupu katikati, majina ya sehemu yameandikwa, chaki nyeupe ikisaidiwa na za rangi. Wanafunzi wameinamia madaftari, wananakili. Mwalimu huyo ni Richard Appiah Akoto, aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Owura Kwadwo, na shule ni Betenase, katika mji wa Sekyedomase nchini Ghana, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Kumasi. Shule haikuwa na kompyuta tangu 2011, lakini mtihani wa taifa uliwangoja watoto wale kwa maswali yale yale ya TEHAMA waliyoulizwa wenzao wa Accra.

Dunia ilimhurumia, kisha ikampongeza, kisha Microsoft ikampeleka Singapore mwezi uliofuata kwenye mkutano wake wa walimu. Kompyuta za msaada zikafika shuleni. Yote mema, ingawa sipendi sana habari zinazougeuza upungufu kuwa pambo. Kilichonishika mimi ni kitu kingine. Kazi yangu ni kukaa na walimu wanaojifunza kusanifu masomo ya skrini, na ubao ule nimeutazama kama seremala anavyopitisha kidole kwenye maungio ya kabati la mwenzake. Umesanifiwa vizuri. Tena umesanifiwa kwa namna ambayo walimu wengi huipoteza siku ile ile wanapokabidhiwa projekta.

Tuanze na wakati. Mchoro wa chaki hauji kwa mkupuo. Mwalimu akivuta mstari wa juu wa dirisha, darasa halina kingine cha kutazama ila mstari huo. Akiandika jina la kitufe, kwa sekunde kadhaa jina hilo ndilo habari pekee iliyopo duniani. Mkono wake ni kielekezi ambacho hakikuhitaji betri wala taa nyekundu: jicho la mtoto hufuata mkono unaotembea, hata akiwa hataki. Na kwa kuwa mkono una mwendo wake, mwalimu hawezi kwenda mbio kuliko chaki yake. Mtoto anayenakili polepole anapata mwanya wa kumfikia.

Logan Fiorella na Richard Mayer walilipima jambo hili mwaka 2016. Waliwafundisha watu jinsi mlio wa chombo kinachokuja unavyobadilika kinapokupita na kwenda zake, kile kisa cha king'ora cha gari la wagonjwa. Wengine walionyeshwa michoro iliyokwisha kuchorwa huku mwalimu akieleza, wengine wakamwona mwalimu akiichora hapo hapo. Maelezo yalikuwa yale yale, michoro ile ile. Walioona ikichorwa walielewa zaidi, hasa wale waliokuwa hawajui mengi ya mada hiyo. Yaani chaki ina faida isiyohusiana na umaskini hata kidogo.

La pili ni uchaguzi. Dirisha halisi la Word lina vitufe vingi kuliko hesabu ya mtu mwenye haraka, na vingine hata sisi tunaoandika kutwa hatujawahi kuvibonyeza. Anayechora kwa mkono hulipa gharama ya kila kitufe kwa jasho lake, kwa hiyo hujiuliza: hiki cha nini? Mwenye kompyuta hupiga picha ya skrini, akaibandika kwenye slaidi nzima nzima, na gharama yote ikahamia kwenye kichwa cha mtoto.

Hata hivyo, ubao ule una ukomo wake, na wasioutaja wanamkosea Akoto mwenyewe, kwa sababu alichora kwa kukosa kompyuta, si kwa kuipuuza. Kitufe cha chaki ukikibonyeza hakitokei kitu. Mtoto atajua kilipo na kinaitwaje. Hatajua kinafanya nini pale anapokosea. Ubao unafundisha majina na mahali. Matokeo haufundishi, na matokeo ndiyo sababu ya mtu kununua skrini.

Basi kazi ya mwalimu anayejifunza usanifu, kwa maoni yangu, ni hii: aichukue skrini kwa ajili ya matokeo, lakini asiiache kasi ya chaki nyuma. Mengine yote, rangi, fonti, michoro inayorukaruka, yanafuata baadaye, na mengi hayana haja ya kufuata.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana ninayo slaidi yangu ya kwanza ya somo la umeme. Nimeitunza, na huwaonyesha walimu kabla ya chai ya saa nne ili wacheke mapema. Kichwa cha habari kina kivuli. Chini yake fasili ya umeme ya mistari sita, iliyonakiliwa kitabuni. Kulia kuna mchoro wa sakiti wenye herufi A, B, C na D, na maana za herufi hizo ziko chini kabisa kwenye kijisanduku. Kushoto kuna picha ya radi, kwa sababu radi ni umeme na picha ilikuwa nzuri. Kila kipengele kiliingia kikizunguka, na cha mwisho kiliingia na sauti ya makofi. Nami nilisimama pembeni nikayasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtangazaji wa salamu.

Watoto walifurahi mno. "Mwalimu, rudia ile ya makofi!" Nikairudia. Nilitoka pale nikijiona nimefundisha. Siku mbili baadaye nikawauliza sakiti inahitaji nini ili balbu iwake, na nikaambiwa habari za radi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kosa langu lina jina, na tena lilipimwa kwa radi hiyo hiyo. Mwaka 1998 Shannon Harp na Mayer walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma jinsi radi inavyotokea. Wengine walipewa maelezo matupu, wengine wakawekewa ndani yake visa na picha za kusisimua kuhusu radi ambavyo havikueleza inavyotokea. Waliopewa visa ndio waliokumbuka machache zaidi ya maelezo yenyewe, na ndio walioshindwa zaidi kuyatumia kutatua maswali mapya. Kivutio kiliwaelekeza kwingine. Kila mtu akajenga kichwani mwake somo la radi inayoua badala ya somo la wingu na chaji.

Hapo ndipo mwalimu mwenzangu mmoja huninyooshea mkono kila semina, kila mkoa: "Sasa tuwafundishe kwa ukavu? Watasinzia." Swali la haki. Jibu ni kwamba mvuto haukatazwi, ila uwe ndani ya jambo lenyewe. Balbu inayowaka mbele ya mtoto aliyekuwa ameapa haitawaka inavutia kuliko makofi yote ya kompyuta, na ukiiondoa, somo limeondoka nayo. Makofi ukiyaondoa, somo halijui kama kuna kitu kimetoka. Hicho ndicho kipimo changu, nacho ni chepesi: ondoa kitu, uone kama kuna anayelia zaidi yako.

Ile ya kusoma slaidi kwa sauti nayo ina gharama yake. Tuna nafasi finyu ya kushikilia mambo mapya akilini kwa wakati mmoja. John Sweller wa Australia alianza kuijengea nadharia yake ya mzigo wa akili mwaka 1988, na ualimu haujawa uleule tangu hapo kwa wanaoifuatilia. Macho yakisoma mstari huku masikio yanasikia mstari huo huo, mtoto anahangaika kulinganisha mawili yasiyo na tofauti, na mchoro ulio pembeni unabaki yatima. Chagua: mchoro na sauti yako, au maandishi na kimya chako. Walimu huliona hili la kimya kuwa gumu kuliko programu yoyote.

Semina zetu huanza bila umeme. Tunachapisha slaidi ya mtu kwenye karatasi, kisha tunachukua kipande cha manila na kukata tundu la ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Mwenye slaidi anaeleza somo lake. Mwenzake anapitisha tundu juu ya karatasi akifuata maneno. Kwa slaidi yangu ya umeme, sentensi moja tu, "umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi hadi kwenye balbu," ililipeleka tundu kwenye A, likashuka chini kabisa kuuliza A ni nani, likapanda kwenye B, likashuka tena. Safari sita kwa sentensi moja. Watu walicheka, lakini ndiyo safari waliyokuwa wakitembezwa watoto wao kila siku. Dawa yake ni ile iliyoko kwenye ubao wa Sekyedomase: jina liandikwe kwenye kitu chenyewe. Kijisanduku cha maana kikafutwa, neno "betri" likakaa kwenye betri.

Kisha tunaikata slaidi vipandevipande. Moja ikawa nne: betri peke yake, betri na waya mmoja, waya wa pili, swichi. Hakuna kinachozunguka, kila kipande kinatokea tu mwalimu anapofika kukitaja, kama vile chaki ingekifikia. Fasili ya mistari sita ikahamia kwenye andalio la somo, ambako mwalimu ndiye anayeihitaji. Picha ya radi ikaenda na maji.

Rangi inatuchukua robo saa, haizidi. Madarasa yetu yana madirisha makubwa, hayana mapazia, na jua la saa tano halina huruma. Maandishi ya njano kwenye ukuta wa rangi ya krimu yanatoweka kabisa. Nimemwona mwalimu akifundisha nusu kipindi kwa slaidi ambayo ni yeye pekee aliyekuwa akiiona, kwenye kompyuta yake. Nyeusi juu ya nyeupe, rangi moja zaidi kwa kile unachotaka kitazamwe sasa, herufi kubwa kiasi cha kusomwa na aliyekaa dawati la nyuma akiwa na macho yake ya kawaida ya mtoto ambaye hajawahi kupimwa. Basi. Kwa nini watu huandika vitabu vizima juu ya fonti, sijui.

Kazi nzito inaanza na vishikwambi. Hapa kwetu Tanzania, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vifaa walivyotumia makarani wa sensa viligawiwa walimu, na kwa shule nyingi hicho ndicho kifaa cha kwanza kinachobonyezeka kuingia darasani. Hapo sasa ndipo tunapoyapata yale matokeo ambayo chaki haina.

Kwa somo la sakiti tunatumia jaribio la kuigiza kwenye skrini lililotengenezwa na PhET, mradi alioanzisha Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Unalipakua mara moja, kisha linafunguka kwenye kifaa bila intaneti, na baadhi ya majaribio yao yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mtoto anaburuta betri, waya na balbu, anaviunganisha, na chembe za umeme zinaonekana zikitembea ndani ya waya. Ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inawaka moto. Moto ule ndio ufundi wenyewe: ni kivutio, na papo hapo ndiyo maana ya somo.

Kuna wanaobisha kwamba sakiti ifundishwe kwa betri na waya halisi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado walichapisha mwaka 2005 ulinganisho wa wanafunzi wa chuo waliojifunza kwa jaribio hilo la skrini na wenzao waliotumia vifaa halisi maabara. Walipokuja kupewa wote vifaa halisi wajenge sakiti na kuieleza, wa skrini waliwapita wa maabara. Nionavyo mimi, sababu inarudi kwenye jicho: waya halisi huficha kila kitu. Kwenye skrini, mbuni ameamua ni nini kionekane. Ila mimi bado huwagawia watoto betri na balbu za kushika mkononi kabla, dakika tano, wayajue majina. Mtoto asiyejua swichi ni nini asikutane nayo mara ya kwanza katikati ya hoja.

Shida yetu sisi ilikuwa uhaba wa vifaa. Kishikwambi kimoja, watoto sita. Mmoja anashika, watano wanatazama kisogo chake. Tulijaribu zamu za dakika, zikaleta ugomvi. Kilichokuja kufaa kilibuniwa na madamu mmoja wa Darasa la Sita: anayeshika kifaa haruhusiwi kuamua chochote. Wenzake ndio wanaomwambia kwa maneno, "vuta waya, unga upande wa chini wa balbu," naye anafanya alichoambiwa, hata kama ni upuuzi. Na kabla ya kugusa, kila mtu aandike daftarini atakachokiona. Ghafla kila mmoja ana kazi, na maneno ya sakiti yanasemwa na watoto badala ya mwalimu. Pia hakuna anayeweza kuruka mbele, kwa kuwa kuandika kuna kasi yake. Kasi ya chaki ikawa imerudi, safari hii kwa kalamu ya risasi.

Katika daftari hizo ndipo tulipoona walichokuwa wakikiamini. Balbu mbili zikipangwa mstari mmoja, wengi waliandika kwamba ya kwanza itawaka sana na ya pili itafifia, "kwa sababu ya kwanza imekula umeme." Skrini ikaonyesha zote mbili sawasawa. Kikundi kimoja kilikataa, kikageuza betri, kikajaribu tena kama watu wanaodai chenji yao.

Walimu hujifunza zaidi katika sehemu ya mwisho ya semina, nayo haina kifaa cha kununua. Watu wa PhET, kabla ya kutoa jaribio lolote, humkalisha mwanafunzi mmoja mbele ya skrini, humwomba aseme anachowaza huku akicheza nalo, nao hukaa kimya kutazama anapokwama. Sisi tunafanya hivyo hivyo. Mwalimu analeta somo alilolisanifu, tunamwita mtoto mmoja kwa ridhaa yake, dakika kumi. Sharti ni moja: mwalimu asiseme.

Madamu yule wa Darasa la Sita alikuwa ameandaa karatasi yenye hatua saba. Fungua. Buruta betri. Buruta balbu. Na kadhalika, mpaka "andika ulichokiona." Mtoto, msichana mwenye sauti ya chini, alifuata hatua mbili kisha akapekua kisanduku cha vifaa mpaka akamkuta mbwa. Kweli, mule ndani kuna mbwa, kuna mkono wa mtu, kuna sarafu na penseli, vyote vya kujaribiwa kama vinapitisha umeme. Karatasi akaisahau. Akaunga betri kwa balbu kwa waya mmoja. Kimya. Akaibonyeza balbu. Akaibonyeza tena. Nilimwona madamu akiweka viganja chini ya mapaja ili visinyooke. Dakika mbili zikapita, na dakika mbili za mwalimu kunyamaza ni ndefu kama foleni ya kituo cha afya. Kisha msichana akasema, si kwetu, kwa balbu: "Unatoka, halafu unarudi wapi?" Akavuta waya wa pili.

Madamu hakusema neno mpaka mtoto alipotoka. Halafu akachukua mkasi, akakata hatua zote saba, akabakiza nafasi ya chini ya karatasi, akaandika kwa mkono: Ifanye balbu iwake. Kisha ifanye izime bila kuigusa betri.

"Na mbwa?" nikamuuliza.

"Mbwa abaki. Nitawauliza kama anapitisha umeme, si wameshamwona?"

Alilifundisha somo hilo wiki iliyofuata, nami nikakaa dawati la nyuma. Umeme ukakatika dakika ya nne, katika somo la umeme, na darasa likacheka kabla yetu. Projekta ikazimika, vishikwambi navyo havikuwa vimechajiwa vya kutosha. Madamu hakuhangaika. Aliokota chaki, akachora betri, akaandika jina lake juu yake. Akachora balbu. Akavuta waya mmoja kati ya viwili hivyo, polepole, mpaka ukagusa. Akaweka chaki chini, akawageukia, akanyamaza.

"Bado!" likajibu darasa zima. "Madamu, bado wa kurudi!"

Akamnyooshea chaki aliyekuwa karibu.